Je, Chini Yake Pana Kichwa cha Mtu?

Maneno haya niliyasema Malindi, Jumamosi moja asubuhi, mbele ya mafundi wa kuchomelea na madereva wa magari ya watalii. Nimeyaandika karibu sawa na yalivyotoka kinywani. Nilipojirudia nimepunguza.

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Wazee wangu mliotangulia mbele, mafundi wenzangu, madereva, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama watu waliokuja kudai deni: ingieni, viti vipo.

Mliponiita mliniambia nije niseme juu ya rolibaa, ule upinde wa bomba unaosimamishwa juu ya gari, na mmoja wenu akaongeza, "Mwalimu, tuambie ipi inapendeza na haishiki kutu." Swali zuri, ila limeanzia katikati. Liko swali linalolitangulia, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi hii: rolibaa unayoitaka, chini yake pana kichwa cha mtu au hapana?

Tazameni magari yaliyoegeshwa hapo nje. Ile pikapu nyeupe ina upinde unaong'aa nyuma ya kabini, umebebeshwa taa nne. Dereva na mwenzake wanakaa ndani ya kabini, wana paa lao na nguzo zao za kiwandani. Upinde ule ni pambo, na mimi sina ugomvi na pambo. Mke wangu ana bangili kumi na mbili na hakuna hata moja inayomkinga na chochote. Sasa geuzeni shingo muione Land Rover iliyo kando yake, ile iliyokatwa paa, ya kupeleka wageni Marafa kutazama korongo la Nyari. Hiyo haina paa wala nguzo. Ikilala kichwa chini, kinachobaki kati ya changarawe na fuvu la mgeni ni ule upinde peke yake. Huo uhesabuni pamoja na mbavu za mgeni.

Na ukipita njiani ukazitupia jicho, mbili hizo zinafanana. Bomba lile lile, mng'aro ule ule, na nikiuliza huenda hata fundi ni yule yule.

Nitaanza na aibu yangu mwenyewe, ili nikifika kwenye zenu msiseme najifanya malaika.

Miaka mingi nyuma, kabla sijaanza kufundisha, alinijia bwana mmoja na gari la namna hiyo, lisilo na paa. Alikuwa na picha kwenye simu. Alitaka upinde ung'ae, wageni wakipiga picha jioni jua lichezee juu yake. Nikaenda dukani nikanunua stenlesi ya kutengenezea reli za ngazi, kipenyo milimita 50, geji 18, yaani ukuta wa milimita 1.2. Ukilitazama ni bomba la kujaza mkono. Mashine ya kupindia bomba la ukubwa ule sikuwa nayo, basi nikafanya kile tunachofanya wengi: nikakata kwa pembe, nikaunganisha, nikachomelea viwiko. Kisha, na hapa nisikilizeni vizuri, nikachukua grainda nikausaga mshono mpaka ukalala sawa na bomba, nikapiga polishi mpaka pa kuungia pasijulikane. Yule bwana alipitisha kidole, hakuhisi kitu. Akanilipa, akaniongezea na ya chai.

Gari lile lilipinduka kwenye barabara ya kwenda lango la Sala, lile la kuingilia Tsavo Mashariki. Changarawe, kona, mwendo wala haukuwa wa kutisha. Alhamdulillahi siku hiyo hakuwa na wageni, alikuwa peke yake na mkanda amefunga. Gari likalala ubavu, likageuka, likaegemea kichuguu. Kichuguu ndicho kilichobeba uzito. Mwenyewe alitoka na mtulinga uliovunjika.

Nilikwenda kuliona lilipovutwa. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimefunguka kama ganda la kunde. Hiki hapa, nimekuja nacho. Kipitisheni mkono kwa mkono, muangalie makali yasiwakate. Mtaona bomba lenyewe halikukatika. Limeachia kwenye mstari wa mshono, pale pale nilipousaga. Chuma nilichokijaza kwa rodi nilikitoa kwa grainda, na polishi nayo ikachukua yake. Nilipunguza nguvu kwa mkono wangu ili kazi ipendeze, na kwa kufanya hivyo nikalipwa zaidi.

Sasa msitoke hapa mkasema mwalimu kaikataza stenlesi. Stenlesi haina ubaya. Ile tunayoiita 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ukiivuta mpaka ikatike inahimili nyutoni zisizopungua 515 kwa kila milimita ya mraba. Ni zaidi ya chuma cheusi cha kawaida. Tena inanyumbuka sana kabla ya kukatika, na kadiri unavyoikunja ndivyo inavyokaza. Mliowahi kuitoboa kwa kekee butu mnaijua tabia hiyo: ukisugua bila kula, pale mahali panageuka jiwe.

Lakini ile 515 ni ya kukatika. Ya kuanza kupinda na kutorudi, 304 iliyolainishwa inahakikishiwa 205 tu. Muuzaji akikutajia namba moja, muulize ni ya mwanzo au ya mwisho. Na juu ya hilo liko kubwa zaidi, la unene. Stenlesi iliyojaa madukani kwetu imetengenezwa kwa ngazi, malango na roshani za hoteli, milimita 1.2, ukibahatika 1.5. Ilikusudiwa kubeba mkono wa mtu anayepanda ngazi. Gari halikuwamo katika hesabu.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, limeandika kanuni za vizimba vya magari ya mashindano, yaani zile fremu za mabomba za kumkinga aliyemo, katika Kiambatisho J. Kwa upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya kiti cha dereva, wanataka bomba la feleji ya kaboni isiyo na aloi, yaani isiyochanganywa na metali nyingine, lililovutwa baridi, lisilo na mshono, kaboni isizidi asilimia 0.3. Vipimo ni kipenyo 45 kwa unene 2.5, au 50 kwa 2.0. Na nguvu ya kuvutwa isipungue nyutoni 350 kwa milimita ya mraba, yaani kama ungening'iniza kilo 35 kwenye waya mwembamba wenye eneo la milimita moja ya mraba.

Iangalieni hiyo 350. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamekosea chapa, maana ni ndogo. Watu wanaokimbiza gari kilomita mia na sitini kwa saa milimani, wanataka chuma cha kawaida hivyo? Nikalitafakari sana. Hawakutafuta chuma kigumu kupita vyote. Wametafuta kinachokunjika taratibu bila kupasuka, kinachokubali kuchomelewa bila kununa, halafu wakakipa unene. Unene ndio waliokataa kuuonea huruma.

Mtaniambia Land Rover ya Marafa haishindani na mtu. Kweli, na mimi sisemi kila gari la watalii livalishwe kizimba cha rali. Nasema tu ukitaka kujua bomba la kubeba gari lina sura gani, anza na vipimo vya waliokwisha kupinduka mara nyingi.

Juzi usiku nilikaa na kalamu nikalinganisha bomba langu la aibu, 50 kwa 1.2, na hilo la 45 kwa 2.5. La kwanza ni kubwa kwa macho. Kwa hesabu ya kukinza kupindwa, hilo linaloonekana dogo linalishinda kwa nusu nzima zaidi, na hapo nimechukulia kwamba chuma ni kile kile. Uzito nao: la kwanza kilo kama 1.4 kwa mita, la pili kilo 2.6. Basi fundi, siku mteja akikuletea bomba, libebe mkononi kabla ya kulitazama. Kisha toa kalipa, upime ukuta wake kwenye ncha. Kipenyo kila mtu anakiona. Ukuta ndio unaofichwa.

Hesabu zinachosha asubuhi. Wewe kijana wa fulana nyekundu, hebu njoo hapa. Nimekuja na fremu, jeki ya tani mbili, na vipande viwili vya bomba vya urefu mmoja. Weka kile kinachong'aa kwanza, kikae juu ya vile vigingi viwili, jeki katikati. Piga. Polepole, usikimbie.

Mnaona? Kichwa cha jeki kinaanza kuacha alama, kama kidole gumba kwenye kopo la soda. Bomba lote bado limenyooka, ila pale tu limebonyea. Endelea. Endelea… hapo! Mmelisikia? Limejikunja mara moja, kama mrija. Kijana, mkono wa jeki ukoje sasa?

Anasema umekuwa mwepesi.

Umekuwa mwepesi kwa sababu bomba limeacha kupigana. Nguvu ya bomba ni uduara wake, na likishabonyea duara limekufa. Linalobaki ni bati lililokunjwa. Sasa weka lile jeusi. Piga. Nalo linapinda, sitawadanganya, hakuna bomba lisilopinda. Lakini litazameni umbo: limekaa kama uta, hakuna mkunjo, hakuna mahali palipobonyea pa kuingiza kidole. Mkono wa jeki ukoje?

"Mzito, mwalimu."

Mzito, na bomba limekwisha pinda kiasi hicho. Gari linapobiringika lina nguvu za kumaliza, na nguvu hizo lazima zilike mahali. Zikiliwa na bomba linalokataa kulegea, vizuri. Bomba likijikunja kama mrija, zilizobaki zitaliwa na aliyekaa chini yake. Asante kijana, nenda ukakae. Jeki iache hapo hapo.

Najua wako watu hapa wameshalifikiria bomba la maji. Nami nilikuwa nikilicheka, nimeacha. Bomba la maji la inchi moja na nusu, lile la unene wa kati, nje lina milimita 48 na ukuta wa kama 3.2. Kwa unene linaipita kanuni ya mashindano. Ila lina mambo yake. Ni chuma laini kuliko kile cha FIA. Lina mshono urefu wake wote, na lilipimwa lisivuje, halikupimwa likunjwe. Lina uzito, kilo tatu na nusu kwa mita, na uzito huo unaupandisha juu ya gari, ambako ndiko usikoutaka. Na kama limepakwa zinki, ukilichomelea bila kuisaga unavuta moshi mweupe utakaokulaza usiku na homa na baridi ya kutetemeka. Maziwa hayasaidii. Nakunywa maziwa nayapenda, lakini hayajawahi kuniondolea zinki kifuani. Ukilazimika, tafuta bomba jeusi lisilo na zinki, na unapolipinda weka mshono ubavuni mwa pindo, usiwe upande wa nje unaovutwa wala wa ndani unaobanwa. Hata hivyo, mteja akiweza kungoja wiki bomba lisilo na mshono liagizwe Mombasa, mwambie angoje.

Alumini nitaipita haraka. Ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya chuma, haishiki kutu jekundu, na inapendeza. Ugumu wake wa kukinza kupinda nao ni theluthi. Na ile iliyokazwa kwa moto, aina ya 6061-T6, ukiipitishia moto wa kuchomelea, kando ya mshono inapoteza karibu nusu ya nguvu uliyoinunulia. Tengenezeeni kerio, tengenezeeni ngazi ya kupandia. Juu ya kichwa, la.

Kromu? Wahenga wa pwani hii waliimaliza: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Upepo wa kusi ukivuma miezi mitatu na chumvi yake, kromu nyembamba inatoboka vitundu kama vya sindano, na chini yake chuma kinaliwa bila wewe kujua. Rangi ya kawaida angalau ikishindwa inakuonyesha.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye pindo, maana hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Waliokulia Lamu, au waliowahi kukaa kwenye mchanga wakitazama jahazi likiundwa, wanalijua taruma. Fundi wa jahazi akitaka ubavu uliopinda haukati ubao ulionyooka akauunganisha kwa misumari upate kona. Anakwenda kutafuta mti uliojipinda wenyewe, nyuzi za mbao zifuate pindo kutoka mwanzo hadi mwisho. Anajua nyuzi zikikatwa, pale ndipo mawimbi yatakapoanzia. Hana kitabu cha uhandisi, lakini ukimwonyesha kiwiko changu hiki angekirusha baharini.

Bomba nalo linataka pindo moja lisilokatwa. Kanuni inasema nusu kipenyo ya pindo, ikipimwa katikati ya bomba, isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba; kwa bomba la 45 ni milimita 135. Ukilikaza chini ya hapo upande wa ndani unafanya makunyanzi na upande wa nje unakonda. Mwenye mashine yenye kalibu sahihi ameshapona. Asiye nayo, iko njia ya wazee: mchanga mkavu, mkavu kabisa uliokaangwa, ujaze bomba ukigonga na kushindilia, ziba ncha mbili kwa vigingi vya mti, kisha pinda taratibu. Nasisitiza mkavu. Mchanga wetu wa pwani ukiwa na unyevu ukaupasha moto, ule mvuke utakitoa kigingi kama risasi. Na baada ya kupinda, shika bomba upapase: likiwa limekuwa bapa, litupe. Usijitie moyo kwamba rangi italificha. Rangi italificha kweli, na hilo ndilo tatizo.

Umbo nalo. Upinde mmoja uliosimama peke yake ni mlango bila ukuta; ukiusukuma unalala. Upe miguu miwili ya nyuma inayoteremka kwa mshazari, angalau nyuzi 30 kutoka wima, na bomba moja la kukingama kutoka kona ya juu kwenda kona ya chini ya upande wa pili. Pembetatu hailali. Hapa madereva huwa wananilalamikia, "Mwalimu, hilo bomba la kukingama linaharibu picha, wageni hawaoni nyuma." Wageni wanakwenda mbele, bwana.

Na kimo chake kipite kichwa cha mtu mrefu kuliko wote watakaopanda, akiwa amekaa wima. Nimeona upinde unaoishia masikioni. Ule ni wa kushikilia tu.

Miguu ya rolibaa ndiyo maskini wa kazi hii, hakuna anayeipiga picha. Unakuta bomba zuri, pindo zuri, limefungwa kwa boliti mbili kwenye bati la sakafu la milimita moja. Gari likipinduka bomba litabaki zima, litachomoka na kipande cha sakafu kama ndizi kwenye ganda lake. FIA wanataka kila mguu uwe na sahani, boliti zisizopungua tatu za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, daraja la nguvu la 8.8, na upande wa pili wa bati kuwe na sahani ya kukaza ya unene usiopungua milimita 3 na ukubwa usiopungua sentimita 120 za mraba. Ukitaka kuiona kichwani, ni sahani ya sentimita 10 kwa 12. Daraja la boliti limechorwa kichwani mwake, 8.8, ni suala la kusoma tu. Boliti isiyo na maandishi ni ya kufungia kitanda.

Tena kwa hizi Land Rover na pikapu zetu zenye shasi mbali na bodi mbali: chagua moja. Bodi inakaa juu ya mipira na inacheza njiani. Ukifunga mguu mmoja kwenye shasi na mwingine kwenye bodi, barabara ya Sala itakupasulia kiungo kabla hujapinduka.

Haya, kutu. Nimelichelewesha makusudi kwa kuwa ndilo mnalolingoja.

Kwetu hapa hewa yenyewe ina chumvi. Ukienda upande wa Gongoni na Ngomeni watu wanaivuna chumvi kwa majembe, basi msitegemee gari lipone. Stenlesi ya 304 hailiwi kwa kina kama chuma cheusi, lakini itatoa madoa ya rangi ya chai, na chini ya sponji lililoloa jasho na maji ya bahari itatoboka vidoa vidogo vyenye kina. Ile ya 316, iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 au 3, inavumilia zaidi. Na mafundi, madoa mengi mnayolaumia stenlesi mmeyapaka nyinyi: sahani ya grainda iliyokata chuma cheusi asubuhi, jioni unasagia nayo stenlesi, vumbi la chuma linajipachika humo na kesho lina kutu. Sahani za stenlesi ziwekeni kando. Mkiunganisha stenlesi na chuma cheusi tumieni rodi ya 309. Na msifunge upinde mkubwa wa stenlesi kwa boliti ndogo za chuma cheusi, maana zikiloa maji ya chumvi boliti ndizo zitakazoliwa, haraka, nawe unatazama upinde unang'aa ukidhani mambo ni shwari.

Mtu akiwa na pesa ya stenlesi nene, 316, ukuta wa milimita 3, ikapindwa na kuchomelewa na mtu anayejua, mshono ukaachwa na mgongo wake, sitamkataza. Mashindano ya FIA yatamkataa, kwa kuwa wao wanataka isiyo na aloi, lakini yeye anakwenda Marafa.

Kwa sisi wengine ni chuma cheusi na rangi, na hakuna haja ya kuona haya. Mkiwahi kuona magari ya Rhino Charge, mashindano ya magari porini hapa Kenya yaliyoanza mwaka 1989, mtaona vizimba vya bomba lililopakwa rangi na kukwaruzwa na miiba, na hakuna anayewacheka. Safisha kwa brashi ya waya mpaka chuma kiwe cheupe, futa mafuta, primeri siku hiyo hiyo kabla umande wa bahari haujakikuta, kisha rangi tabaka mbili. Mwenye uwezo apeleke kwenye rangi ya unga ya kuokwa. Ncha zote zizibwe kwa kuchomelewa zisiingize maji. Kikulacho ki nguoni mwako: bomba la rolibaa huoza kutokea ndani, nje rangi inacheka. Kila baada ya masika ligongeni kwa nyundo ndogo toka chini mpaka juu. Bomba zima linalia. Pakisikika kama debe la mchanga, tobozeni hapo muangalie.

Na uzuri mtaupata. Upinde unaofuata mlalo wa kioo cha mbele, mapindo mawili yanayolingana, mshono wenye magamba yaliyopangana kama ya samaki na usiosagwa. Fundi mwenye mkono haufichi mshono wake. Ila lile bomba jembamba la stenlesi la kuvalisha juu ya chuma cheusi, kama kanzu, hilo silipendi: katikati mnaweka maji ya chumvi yakae raha mustarehe.

Madereva, lenu ni fupi. Rolibaa bila mkanda ni kitu cha kukupiga kichwa. Upinde unamkinga aliyebaki kitini. Na mahali pa kichwa kufika pavalisheni sponji gumu la kazi hiyo, maana la godoro linabonyea mpaka chuma. Wale vijana kumi wanaosimama nyuma ya pikapu siku ya harusi wakishikilia lile pambo la taa nne, hakuna unene wa bomba nitakaowatajia utakaowafaa.

Ombi langu kwa mafundi ni moja, tena la kalamu. Kuanzia leo, kwenye risiti ya kila upinde andikeni neno moja kati ya mawili: PAMBO au KINGA. Ukiandika kinga, andika na kipenyo, unene na aina ya bomba, uweke sahihi. Nimeanza mwenyewe. Mara ya kwanza nilipoandika PAMBO mteja alikasirika, akasema namtukana. Nikamwambia basi nilipe ya kinga. Alikwenda zake, siku ya tatu akarudi, akasema, "Andika kinga, lakini nitie na rangi ya dhahabu." Nikamtia.

Naona mkono kule nyuma. Sema, kaka. … Anauliza, na yake iliyo hapo nje, ile Land Rover, ni ipi? Ni nani aliyeitengeneza? … Hapana, usimtaje jina, huenda yumo humu ndani. Una risiti? Huna. Haya. Nipeni ile kalipa na nyundo ndogo, na tochi ya kutazamia chini ya sakafu. Twendeni nje sote.